Google Translate kwa Kibhojpuri na Kimaithili: inafaa kwa lipi, inateleza wapi

Ukifanya kazi Muscat, Doha au Dubai, mwenzako wa zamu ambaye watu humwita tu "Mhindi" huenda hazungumzi Kihindi nyumbani kwao. Wilaya za Siwan na Gopalganj, magharibi mwa jimbo la Bihar, zimetoa wafanyakazi wengi wa Ghuba, na lugha ya huko ni Kibhojpuri. Google Translate iliingiza lugha hiyo Mei 2022, pamoja na Kimaithili, lugha nyingine ya Bihar, katika kundi la lugha 24 zilizoongezwa kwa mpigo mmoja. Huduma ni ya bure, na Kiswahili kimo siku nyingi. Lakini je, kinachotoka unaweza kumwonyesha mtu mzima bila kumkosea?

Kwa habari fupi za kazini, ndiyo. Kwa mkataba au maelekezo ya dawa, hapana kabisa. Kwa mazungumzo ya heshima, ndiyo, ila baada ya kukagua maneno mawili matatu kwa mkono. Kibhojpuri tunakipa nyota 3 kati ya 5, Kimaithili 2 na nusu.

Kabla ya kugusa simu, muulize mtu anatoka wilaya gani. "Kibihari" si lugha. Ni jina ambalo mwanaisimu George Grierson alilipa kundi zima katika karne ya 19, na wenyewe hawaitaji lugha yao hivyo. Akisema Siwan, Gopalganj, Saran, au Ballia iliyo ng'ambo ya mpaka wa jimbo, chagua Kibhojpuri. Akisema Darbhanga, Madhubani, au Janakpur ya Nepal, chagua Kimaithili. Akisema Gaya au Nalanda, huyo ni wa Kimagahi, na Kimagahi hakimo kwenye orodha ya Google.

Lugha ichague mwenyewe. Usiiachie programu ikutambulie. Lugha hizi zote siku hizi huandikwa kwa Devanagari, herufi zilezile za Kihindi, na sentensi ya maneno matatu haina alama za kutosha kuzitenganisha. Kosa lake si dogo. Neno हम (ham) katika Kibhojpuri na Kimaithili ni "mimi", katika Kihindi sanifu ni "sisi". Mtu akikuandikia kwamba yeye anaumwa, ikasomwa kama Kihindi, utaambiwa wanaumwa wengi. "Sisi" ya Kibhojpuri ni हमनी के (hamni ke).

Udhaifu mkubwa ni kuteleza kuelekea Kihindi, na sababu yake inajulikana. Google yenyewe ilieleza kwamba lugha hizo 24 zilikuwa za kwanza kuongezwa kwa mashine iliyosoma maandishi ya lugha moja moja, bila kuonyeshwa sentensi na tafsiri yake. Maandishi yenyewe nayo yamechanganyika. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu wasemaji wa Kibhojpuri milioni 50.6, lakini ikawaweka chini ya Kihindi. Shuleni watoto wao husomeshwa Kihindi, na wakiandika hukichanganya. Kimaithili kiliingizwa kwenye orodha ya lugha za katiba mwaka 2003, Kibhojpuri bado.

Utajuaje kuwa imeteleza? Tazama mwisho wa sentensi. Kibhojpuri hufunga kwa बा (baa) au बानी (baani), na kukanusha "kuwa" ni नइखे (naikhe). Kimaithili hufunga kwa अछि (achhi) au छी (chhi). Ukiona है (hai) na नहीं (nahin) zimejaa, umepewa Kihindi kilichovikwa jina jingine. Mwenzako atakielewa, ila si ulichoomba. Mfano wa kupimia: "Pesa hazijapatikana" kwa Kibhojpuri ni पइसा नइखे मिलल (paisa naikhe milal).

Wengi hupima tafsiri kwa kuigeuza irudi kwenye Kiswahili. Kipimo hicho hakishiki kosa la heshima, ambalo ndilo linalouma. Sisi tunasema "Uko wapi?" kwa mtoto na kwa mzee, heshima tumeshaiweka kwenye shikamoo. Kibhojpuri huiweka ndani ya kitenzi. Rafiki wa rika lako: तू कहाँ बाड़ऽ (tu kahaan baara). Mtu wa kuheshimiwa: रउआ कहाँ बानी (raua kahaan baani). Chini kabisa ipo तें (ten), ya mtoto, mtu wa karibu sana, au matusi. Zote tatu zikirudi kwa Kiswahili ni "uko wapi", na wewe utadhani mambo ni sawa.

Rekebisha kwa mkono: ukiona तू au तें, weka रउआ, kisha badilisha na kitenzi, maana kiwakilishi cha heshima chenye kitenzi cha kawaida husikika kama kejeli. Kwa Kimaithili weka अहाँ (ahaan) na ufunge kwa छी (chhi), badala ya तों (ton) na छह (chhah).

Kimaithili kina ugumu mmoja ambao Mswahili anaweza kuuelewa upesi kuliko Mwingereza. Kama sisi tunavyotia "-mw-" katika "nilimwona", kitenzi cha Kimaithili nacho humbeba mtendwa, na juu yake hubeba heshima yake: dekhaliai ni nilimwona mtu wa kawaida, dekhaliainh ni nilimwona mtu wa kuheshimiwa. Mashine ikikosea kiambishi hicho, sentensi inaeleweka lakini baba wa mtu ameshushwa hadhi. Ndiyo maana tumekipunguzia nusu nyota.

Jambo jingine la kuangalia ni siku. काल्ह (kaalh) ni kesho na ni jana pia. Kitenzi ndicho hutofautisha. Ham kaalh aaib ni nitakuja kesho, ham kaalh aini ni nilikuja jana. Kwa zamu na safari andika tarehe kwa tarakimu.

Ujumbe uliokuja kwa herufi za Kirumi usiunakili moja kwa moja, kwa sababu kila mtu ana tahajia yake. Washa kibodi ya Kihindi ya Gboard (programu ya kibodi ya Google), ile inayogeuza herufi za Kirumi kuwa Devanagari, uandike upya ndipo utafsiri. Sentensi ziwe fupi, kitenzi kimoja kila moja, bila methali.

Kwa Kimagahi, njia iliyopo ni NLLB-200, mashine ya kutafsiri ya Meta (wenye Facebook), ya Julai 2022, yenye lugha zote tatu. Si programu ya kugusa na kutumia. Ni modeli unayoendesha mwenyewe kwenye kompyuta, na toleo lake dogo lina vigezo (namba za ndani ilizojifunza) milioni 600. Misimbo ya kuiambia lugha unayotaka ni swh_Latn kwa Kiswahili, mag_Deva, bho_Deva na mai_Deva. Leseni yake hairuhusu biashara. Asiye na kompyuta ya kuiendesha amwandikie Mmagahi kwa Kihindi chepesi, wala asimpe Kimaithili kwa kudhani ni jirani.