Afriski kwa mfuko wa mtu wa Lubumbashi

Tangu turudi kutoka Afriski, kituo cha kuteleza kwenye theluji huko Lesotho, wenzangu wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wananiuliza swali moja tu: ilikula ngapi? Hakuna anayetaka kujua theluji ikoje wala kama niliogopa. Mimi ni deklarani, yaani wakala wa forodha, kazi yangu ni kuhesabu pesa za watu wengine mpakani, kwa hiyo wanajua lazima nimeandika kila kitu. Nimeandika, na daftari linasema kwamba mlima wenyewe haukuwa ghali. Kilichokula pesa ni kufika.

Safari ilikuwa deni. Mpwa wangu, ambaye nimemlea mwenyewe, niliwahi kumwahidi kwamba akipita Egzetati, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, atachagua zawadi. Nilitegemea simu, au ikizidi sana pikipiki. Kijana ambaye miaka yote anateleza na skeitibodi kwenye lami ya mjini akaniambia: "Mjomba, mimi nataka snoubodi." Yaani ule ubao wa kuteleza kwenye theluji. Siku ya matokeo wenzake walikuwa wamemmwagia poda kama kawaida yetu, akaja nyumbani mweupe toka nywele hadi viatu, akasema ameshaanza mazoezi. Ningekataaje?

Ulaya niliifuta mapema. Ukishalipia viza ya Schengen, ndege na hoteli ya milimani, pesa ya kiwanja imekwisha. Moroko wana Oukaïmeden, juu ya Marrakech, lakini kutoka kwetu ndege inazunguka bara zima. Jirani mmoja alinikumbusha kwamba Kongo yenyewe ina theluji, kule Ruwenzori. Ni kweli, kilele cha Margherita kina mita 5,109 na barafu yake. Ila kule mtu anapanda kwa kamba na shoka, hakuna lifti wala wa kukukodisha ubao. Ikabaki Lesotho, nchi iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, na ndani yake Afriski, kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Sisi Lubumbashi tuko kwenye mita 1,200 hivi, na mlima tunaoujua ni terili ya Gécamines, lile rundo la mabaki ya kiwanda cha shaba.

Katika jambo moja kalenda inatupendelea sisi Wakongo. Theluji ya kusini ni ya mwezi wa sita hadi wa nane. Shule za Afrika Kusini hufunga kati ya mwezi wa sita na wa saba, na wakati huo kila mwenye gari Johannesburg anataka kupanda mlimani na watoto wake. Vyumba vinajaa, bei inapanda. Kisha watoto wao wanarudi darasani, wakati wetu bado wako vakansi hadi mwezi wa tisa. Hapo ndipo pa kupenya: mwisho wa mwezi wa saba au mwanzo wa mwezi wa nane, siku za Jumatatu hadi Alhamisi. Epukeni tu wikiendi iliyo karibu na tarehe 9 mwezi wa nane, sikukuu yao ya wanawake. Msichelewe pia hadi mwezi unaisha, maana jua linaanza kuila theluji.

Kwenye hati nitasema mengi kidogo, mnisamehe, ndiyo kazi yangu. Ombeni viza ya Afrika Kusini inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Ukivuka kwenda Lesotho umeshatoka Afrika Kusini, na hakuna njia nyingine ya kurudi nyumbani isipokuwa kupita humo humo tena. Mwenye viza ya kuingia mara moja atabaki mlimani na mbuzi. Hati za Lesotho nazo mzimalize kabla ya kufunga valizi, si mpakani. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kongo, iwe mkononi, isiwe kwenye mzigo. Mpwa wangu ameshatimiza miaka 18. Angekuwa bado, ningebeba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya wazazi wake ya kumruhusu.

Kwenda tulichukua basi: Kasumbalesa, Zambia yote, Chirundu, Zimbabwe, Beitbridge, kisha Johannesburg. Chirundu ni mpaka ninaoupenda kama mtu wa fani. Tangu 2009 Wazambia na Wazimbabwe wanafanya kazi mahali pamoja, unasimama upande mmoja tu na kuendelea. Ningeomba Mungu atufanyie hivyo na sisi. Beitbridge ni habari nyingine, foleni inakufanya umjue kila abiria kwa jina. Kampuni ya basi siitaji, lakini walituuzia tiketi ya basi lenye choo, na choo kilikuwepo kweli, kimefungwa kwa kufuli, ufunguo hakuna aliyeujua. Kurudi tulilipa ndege hadi Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Basi ni nafuu, hilo halina ubishi, ila jumlisha chakula cha njiani na uchovu wa siku unazopoteza, utaona tofauti imepungua. Kijana apande basi. Mwenye mgongo wa umri wangu alinganishe vizuri kabla ya kujidanganya.

Johannesburg tulilala kwa shemeji yangu Yeoville, na hapo tuliokoa pesa nyingi kuliko mahali pengine popote. Wakongo wamejaa mtaa ule. Kwenye Rockey Street unasikia Kiswahili chetu na Kilingala, unanunua sombe (majani ya muhogo) na samaki wa chumvi bila kuulizwa vya nini. Tulipakia unga, mafuta, nyanya, maharagwe na sadini kwenye gari. Ukipanda mlimani na tumbo linalotegemea mkahawa, kila mlo utauona kwenye hesabu.

Nguo tulikuwa tumeshazipata Lubumbashi, soko la Kenya (mtaa wa mjini kwetu, si nchi), kwenye mitumba. Tafuteni suruali isiyopitisha maji, yenye pamba ndani. Muuzaji wetu hakujua ni ya nini, akatuuzia kwa bei ya suruali ya kazi. Jinzi iacheni nyumbani: mnaoanza mtakaa chini kwenye theluji sana, na jinzi ikilowa inageuka barafu mwilini. Soksi moja ndefu ya sufu ni bora kuliko soksi tatu za pamba. Glavu na miwani ya theluji tulinunua Johannesburg. Msisahau vikinga vya kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, vile vya watu wa skeitibodi, kwa sababu anayeanza snoubodi huanguka akiweka mikono mbele, na mfupa wa hapo ndio huvunjika.

Shemeji ndiye aliyeendesha. Sisi tumezoea upande wa kulia, wao wanakwenda kushoto, na barabara ya mlima si mahali pa kujifunzia. Anayekodi gari aombe barua ya kuvuka mpaka siku ile ile ya kukodi. Bila barua hiyo gari halitoki. Kutoka Johannesburg ni mwendo wa saa tano hivi: Bethlehem, Fouriesburg, halafu mpaka wa Caledonspoort, ambao haufanyi kazi usiku kucha, kwa hiyo ondokeni asubuhi. Upande wa pili ni mji wa Butha-Buthe. Asiye na gari anaweza kufika hadi hapo kwa teksi za abiria, kisha akapanda zile zinazokwenda Mokhotlong, kwa kuwa barabara ni hiyo hiyo inayopita Afriski. Ni njia ya bei ya chini kabisa, ila ujipe siku nzima.

Pesa hazina shida. Loti ya Lesotho na randi ya Afrika Kusini zina thamani sawa, na randi inapokelewa kila mahali. Tatizo ni chenji: ukirudishiwa loti, zitumie huko huko, kwa sababu ukivuka hawazitaki.

Baada ya Butha-Buthe unapanda Moteng, njia ya kona inayokufikisha zaidi ya mita 2,800. Theluji ikianguka kweli kweli, magari madogo yanahitaji minyororo ya matairi au yanarudishwa. Sisi tulikuta lami kavu, wachungaji wamejifunika blanketi zao za Kisotho wakitutazama, na maji ya kando ya barabara yameganda. Shemeji alituambia kwamba maji ya bomba la nyumbani kwake Johannesburg yanatoka kwenye milima hii, Lesotho inayauza. Mpwa akauliza kwa nini sisi tuna mto Kongo na bomba la mtaani kwetu limekauka. Tukabaki kimya hadi juu.

Sasa mlima. Mtu aliyeona picha za Uswisi atashangaa. Milima yote ni kahawia, majani makavu mtupu, na katikati kuna utepe mweupe unaoshuka. Ndiyo theluji hiyo. Sehemu kubwa inatengenezwa usiku kwa mashine zinazorusha maji na hewa ya msukumo kwenye baridi kali, maji yanaganda kabla ya kutua. Wengine wangeona wameibiwa. Mimi niliona ni akili: hawangojei mbingu. Mteremko mkuu una urefu wa kilomita moja hivi, kuna sehemu tofauti ya wanaoanza, na eneo la vizingiti la wanaojua kuruka. Kwa bingwa ni padogo, atamaliza kila kitu kabla ya chakula cha mchana. Kwa mtu wa Lubumbashi anayefunga ubao kwa mara ya kwanza, kilomita moja ni safari ya kutosha kuungama dhambi zote.

Ubao na viatu ni vya kukodi, msinunue. Duka moja tulilopita njiani, upande wa Afrika Kusini, lilitupatia viatu vilivyokanyagwa hadi vimelegea, na kisigino cha mpwa kilikuwa kinanyanyuka kila akiinama. Kiatu cha namna hiyo kikatae, hata kama ubao unapendeza: kisigino kikicheza, ubao hausikii mguu. Anayeanza achukue ubao laini unaomfikia kidevuni, si mrefu zaidi.

Kisha lipeni somo. Hapo msibane. Mpwa wangu alidhani skeitibodi itamtosha, na kweli alijua tayari mguu upi unatangulia, jambo ambalo mwalimu alilazimika kunitafutia mimi kwa kunisukuma mgongoni na kuona mguu gani unaokimbilia mbele. Lakini kwenye lami miguu iko huru. Huku imefungwa yote miwili, na huachi ubao ukakimbia peke yake ukiogopa. Mwalimu alituanzisha kwa kisigino: unatazama bonde, ubao umekaa kiubavu, unakandamiza ukingo wa nyuma na kushuka polepole. Kisha upande wa vidole, ukitazama mlima, nao ni mgumu zaidi kwa sababu huoni unakokwenda. Ukilaza ubao pasipo ukingo, ukingo wa upande wa bondeni unachoma theluji na wewe unapaa. Kijana alianza kuunganisha kona mapema. Mimi kisigino nilikielewa, vidole tuliachana kwa heshima.

Lifti za kuvuta nazo zina somo lake. Unafungua mguu wa nyuma, chuma kinakuvuta kati ya mapaja, na ubao unataka kwenda njia yake. Watu wa skii, wenye mbao mbili nyembamba, wanapita wamesimama kama maaskari. Wa ubao ndio wanaoanguka katikati. Usigombane na lifti, iachie, utambae kando umpishe wa nyuma.

Tulilala kwenye malazi ya pamoja ya hapo hapo mlimani, vitanda vya chumba kimoja na jiko la kushirikiana. Huo ndio uchaguzi wa bei ya chini, na huisha mapema, kwa hiyo wekeni nafasi kabla ya kununua tiketi ya barabarani. Jikoni tulisonga bukari, yaani ugali, mbele ya Waafrika Kusini waliokuwa wanakula tambi, na msichana mmoja wa Kisotho akacheka akasema hiyo ni papa, chakula cha kwao. Maharagwe yalitushinda. Kwenye mita 3,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi 90 hivi tu, unaweza kuchochea hadi usiku na maharagwe yakabaki mawe. Bebeni yaliyokwisha pikwa.

Kichwa kiliniuma usiku wa kwanza kwa ajili ya hewa nyepesi; maji mengi na kulala mapema kulisaidia. Jua pia msilidharau eti kuna baridi. Theluji inarudisha mwanga usoni kutoka chini, na sisi weusi pia tunaungua: pua ya mpwa ilibambuka. Pakeni mafuta ya jua hadi chini ya kidevu.

Nikipewa alama kumi za kutoa, Afriski ninaipa nane kwa mtu anayeanza, na tano kwa anayejua tayari. Familia yenye watoto wadogo wanaotaka tu kugusa theluji na kupiga picha, sioni kwa nini walipe barabara yote hiyo. Vijana watatu au wanne wenye ndugu Johannesburg, wakichangia gari na kupika wenyewe, waende.

Mpwa ameshauliza kuhusu mwaka ujao. Nimemwonyesha karatasi ya minervali, yaani karo, ya UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi.