Taa ya sola ya Makoroboi

Nimeipata kwa 18,000 baada ya kuvutana bei na machinga. Sola Makoroboi, mtaa wa Mwanza wenye jina la vibatari! Mimi muuza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, na riwaya nazisoma mbalamwezi ikiwa kali, maana wavuvi hawaingii ziwani na biashara inalala. Mwanga wa taa hii umetulia, na asubuhi siamki na masizi puani. Ila niliapiwa itawaka kwa muda wa saa 12. Kwangu inafifia baada ya kuwaka saa 5 tu. Kitufe kilizama wiki ya pili, nakibonyeza kwa njiti ya kiberiti. Kuchaji simu? Uongo mtupu. Lakini mafuta ya taa yalikuwa yakinila 500 kila siku mbili, basi miezi miwili na nusu hela imerudi. Nyingine nitanunua, ila nitaiwasha palepale kwanza.