Vipimo vya umeme wa injini kwa gari la zamani: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Corolla 110, Noah SR40, Mark II GX100 na Escudo za miaka ya tisini bado zinapanda Kitonga na kwenda Tunduma kila siku. Gari la namna hiyo likianza kumisi, likikataa kukaa silensa au likizima lenyewe njiani, neno la kwanza kijiweni huwa “kontrol boksi imekufa”, yaani kompyuta ya injini. Mwenye gari anatuma hela Dar, boksi la mtumba linakuja na basi, linafungwa, na gari linaendelea kumisi vilevile. Kilichokufa mara nyingi ni ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri) iliyolegea, soketi yenye kutu ya kijani, fyuzi, au waya wa sensa uliosuguliwa na bati hadi shaba ikatokeza.

Orodha hii imepangwa kwa mtu mwenye gari moja, na kigezo ni kimoja: kipimo gani kitakuzuia usinunue kitu usichokihitaji. Fundi mwenye gereji angeipanga tofauti kidogo, na tutasema wapi.

Nafasi ya kwanza: multimita ya dijitali

Hii haina mpinzani. Gari la 1994 haliwezi kuzungumza na simu yako, lakini volti zake zinapimika kama za gari lolote.

Usichukue ya mshale. Inanyonya umeme kutoka kwenye sensa yenyewe, na namba unayosoma inakuwa ya uongo. Zile ndogo za njano za DT830 zinazouzwa kila duka la vifaa vya umeme zinatosha kwa kuanzia, mradi ujue kasoro zake tatu. Ukinzani wake wa ndani ni megaomu 1 tu, wakati mita nzuri ina 10, hivyo kwa sensa ya oksijeni usiiamini sana. Tundu lake la ampea 10 halina fyuzi. Ukisahau waya mwekundu humo kisha ukagusa vichwa vya betri, utaona moshi. Na betri yake ya volti 9 ikichoka, mita husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo betri ya gari iliyokwisha itaonekana nzima. Dukani, omba betri mpya ya saa ya ukutani uipime: inapaswa kusoma kati ya 1.5 na 1.6. Ukiweza kuongeza hela kidogo, tafuta yenye megaomu 10, nyaya nene laini na ncha kali za kuingia nyuma ya soketi bila kuchuna waya.

Ukiwa nayo, fuata mpangilio huu, usiruke:

Betri, injini ikiwa imezimwa tangu jana: kama 12.6. Stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6. Injini ikinguruma, kati ya 13.5 na 14.5. Asubuhi za Juni na Julai Njombe au Makete, betri iliyochoka hushuka hadi kontrol boksi inapoteza fahamu kabla injini haijashika, na watu wanalaumu boksi.

Kisha ethi. Weka mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye pini ya ethi ya kontrol boksi (kwenye Toyota zimeandikwa E1, E01 na E02 katika michoro). Washa injini na taa kubwa. Ikizidi volti 0.1, kuna ukinzani njiani. Usiidharau namba hiyo. Chukua mfano wa sensa ya oksijeni ya waya mmoja, ambayo ethi yake ni ekzosi lenyewe: inatoa volti 0.1 hadi 0.9 tu. Ethi ya boksi ikipanda kwa 0.3, sensa inasema 0.6 lakini boksi linasikia 0.3, linaelewa mafuta ni machache, linaongeza. Gari linakula mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, na hakuna sensa hata moja iliyoharibika. Dawa ni spana namba 10, msasa na dakika kumi.

Baada ya hapo, volti 5. Kontrol boksi hutoa volti 5 kwa sensa ya throto, sensa ya MAP (ya mgandamizo wa hewa inayoingia injini) na wenzake kupitia waya mmoja (VC). Sensa moja ikipiga shoti ndani, zote zinazimika pamoja, na kwenye Toyota nyingi hata taa ya injini haiwaki ukiweka swichi on. Dalili hiyo inafanana kabisa na boksi lililokufa. Kabla hujaagiza lolote, chomoa sensa moja baada ya nyingine huku mita iko kwenye VC. Ile ambayo ukiichomoa volti 5 zinarudi, ndiyo mwizi. Zote zikiwa nje na bado ni sifuri, angalia kama waya wenyewe umegusa bodi ya gari. Waya ukiwa salama, na umeme na ethi za boksi ni nzuri, hapo ndipo unaweza kulishuku boksi.

Namba nyingine za kubandika ndani ya droo ya gari: sensa ya joto la maji ya Toyota, kiloomu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Sensa ya throto, karibu volti 0.5 ukiwa hujakanyaga, ikipanda taratibu bila kuruka hadi juu ya 3.5. Noseli za kawaida za mafuta, omu 12 hadi 16.

Nafasi ya pili: balbu ya indiketa

Ndiyo, balbu. Ya wati 21, na kishikio chake, na waya mbili za mita moja na nusu zenye vibanio mwishoni. Unaitengeneza mwenyewe kwa vipande vilivyopo kwenye gereji yoyote Mwanjelwa au Ipogolo.

Kazi yake ni kuiumbua mita. Waya wenye nyuzi kumi na tisa ukikatika zikabaki mbili, mita bado itasoma volti 12, kwa sababu mita haivuti chochote. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75. Bana waya mmoja wa balbu kwenye umeme unaoingia kontrol boksi (BATT, au +B swichi ikiwa on), mwingine kwenye hasi ya betri. Ikiwaka kali, njia ni nzima. Ikitoa mwanga wa kibatari, una fyuzi yenye kutu, rilei iliyoungua midomo au waya uliooza, hata kama mita inaapa kuna 12. Geuza sasa: waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye ethi ya boksi, soketi ikiwa imechomolewa.

Onyo moja la kushika sana. Balbu hii ni kwa njia za umeme mkuu na ethi tu. Ukiigusisha kwenye waya wa volti 5 au waya wa ishara ya sensa, unaweza kuliua boksi ambalo lilikuwa zima.

Nafasi ya tatu: kipande cha waya

Bei yake ni sifuri. Toyota za zamani zina kisanduku kidogo chenye kifuniko karibu na injini, ndani ya kifuniko kuna majina ya matundu. Injini ikiwa imepata joto kisha imezimwa, gia huru, AC na redio zimezimwa, unganisha TE1 na E1, weka swichi on bila kupiga stata, na hesabu taa ya injini inavyopepesa. Mipepeso miwili, kituo kifupi, mipepeso miwili: hiyo ni 22, joto la maji. 24 ni joto la hewa, 31 ni sensa ya MAP au ya hewa, 41 ni throto, 14 ni ishara ya moto wa plagi. Ikipepesa haraka bila kukoma, boksi halijaona kosa. Zenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, nyingi hukubali njia hiyohiyo kwa pini 4 na 13. Hesabu pini mara mbili, maana ya 16 ina umeme wa betri muda wote.

Kufuta, zima swichi, chomoa fyuzi ya EFI ya ampea 15 kwa sekunde kumi au zaidi. Maelekezo ya Toyota yenyewe yanasema kukiwa na baridi fyuzi ikae nje muda mrefu zaidi, kwa hiyo Njombe alfajiri ipe dakika.

Nafasi ya nne: ELM327 ya kuchomeka na simu

Ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya gari na kutuma data kwenye simu. Hapa ndipo hela nyingi hupotelea. Watu wanaona soketi ya pini 16 wanadhani mambo yamekwisha. Marekani ililazimisha mfumo wa soketi hiyo, OBD-II, kuanzia 1996, Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001, lakini magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka hiyo yalipewa soketi ileile huku boksi likiongea lugha ya kiwanda. Unachomeka, taa ya kifaa inawaka, programu inasema “haiwezi kuunganisha”, unarudi kugombana na muuzaji.

Angalia soketi kwa tochi kabla ya kununua. Zikiwepo bati kwenye pini 6 na 14, nafasi ya kufanya kazi ni kubwa. Ikiwepo pini 7 tu, ni bahati nasibu: usilipe mpaka kimesoma kwenye gari lako palepale. Mwenye Android achukue ya Bluetooth, mwenye iPhone achukue ya WiFi. Nyingi za ukubwa wa kidole gumba zenye lebo ya 2.1 zimepunguzwa amri na hushindwa na pini 7, zinazoitwa 1.5 kwa kawaida huwa na nafuu, ingawa kampuni ya Kanada iliyobuni ELM327 haikuwahi kutoa toleo la 1.5. Feki bora, basi.

Ikifanya kazi, thamani yake iko kwenye data hai kuliko namba za hitilafu. Joto la maji likisoma nyuzi -40, waya wa sensa umekatika. Hata Kitulo kwenye jalidi haijafika huko. Na uwe makini na sensa ya MAP. Swichi on, injini haijawaka, inapaswa kusoma mgandamizo wa hewa ya mahali ulipo: Dar karibu kPa 101, Iringa 84, Mbeya 82 au 83, Njombe kama 80. Fundi aliyezoea pwani akiona 82 atakuuzia sensa mpya. Usinunue.

Usikiache kimechomekwa gari likilala. Kinanyonya betri.

Nafasi ya tano: skana ya mkononi yenye programu za Kijapani

Hizi zinasoma lugha ya kiwanda, ABS, gia na eabegi. Bei ni ya laki kadhaa kwenda milioni. Kwa gari moja haina maana. Lipia kupimwa mara moja, na uombe kupigiwa picha ya namba zilizotoka kabla hazijafutwa. Kwa gereji inapanda hadi nafasi ya pili, mara baada ya mita. Kabla ya kulipa, ulizia kama inasoma Toyota, Nissan na Suzuki za soko la Japani za kabla ya 2005, na ujaribu kwenye moja. Osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la ishara ya umeme, iache kwa mafundi wanaofuatilia ishara za sensa ya krenki kila wiki.

Nafasi ya mwisho: kontrol boksi la mtumba

Si kipimo, lakini kwa kuwa wengi hulinunua kana kwamba ni kipimo, liwe hapa. Likibaki kuwa mshukiwa pekee, lifungue lako kwanza. Kwenye Toyota nyingi liko nyuma ya droo ya abiria au karibu na miguu yake. Gusa zulia: mvua za Tukuyu hupenya chini ya kioo cha mbele na kushukia hukohuko. Unga wa kijani kwenye pini husafishwa kwa spiriti ya isopropili na mswaki. Harufu ya samaki na doa la majimaji chini ya kapasita maana yake zimevuja. Fundi wa redio makini anaweza kuzibadilisha kwa zenye mikrofaradi ileile, volti sawa au zaidi, za nyuzi 105, akiangalia upande wa hasi.

Likishindikana hilo, namba yote ya lebo ifanane, herufi kwa herufi. Kwenye Toyota huanza na 89661. Gia ya otomatiki na ya mkono hutofautiana hata injini ikiwa ileile, na gari lenye ufunguo wa chipu halitawaka na boksi la gari jingine. Muuzaji apige picha ya lebo na ya pini, akutumie, ndipo alipeleke kwenye basi.