Discord: kufunga seva yako kabisa

Nimefunga seva yetu ya Discord (programu ya kupiga soga mtandaoni, ambamo kundi huitwa seva), ile ya vijana wa Busia na Malaba tuliokuwa tukipiga soga kwa Kiswahili, na hii ni tathmini yangu kwa wenye seva kama mimi.

Kufunga ni kazi nyepesi, na wameilinda vizuri. Mwenye seva peke yake ndiye anayeweza. Wasimamizi, hata uwape madaraka yote, hawawezi. Kwenye kompyuta unaingia mipangilio ya seva, unashuka hadi chini kabisa, unabonyeza kufuta, halafu unatakiwa kuandika jina la seva lote. Ukiwa umewasha uthibitishaji wa hatua mbili, wanadai na namba ya uthibitisho. Hilo la kuandika jina nimelipenda sana, maana linakupa nafasi ya kujiuliza mara ya mwisho.

Ikishafutika, hairudi. Picha, utani, mabishano ya usiku kucha kuhusu Cranes, timu ya taifa ya soka ya Uganda, vyote vinaondoka kwa kila mwanachama papo hapo. Ukiomba nakala ya data yako unapata ujumbe ulioandika wewe, si wa wenzako. Kwa hiyo tangaza mapema watu wahifadhi vyao, na uwape siku za kutosha: bando hapa Uganda lina ushuru wa asilimia 12 tangu 2021, si kila mtu atapakua leo.

Kama umechoka wewe tu na wenzako bado wana hamu, mkabidhi mmoja wao umiliki.

Nyota nne. Ya tano nitawapa wakiweka muda wa kusubiri kabla seva haijafutika.