Kifaa cha kuchulia misuli ya mzee kabla ya mazoezi: anza na kipi?

Ukiteremka kutoka Mwanga hadi stesheni ya reli hapa Kigoma, ujue utaupandisha tena mlima ule ule, na hapo ndipo vigimbi vya mzee hukaza. Kuchua misuli kidogo kabla ya mazoezi humsaidia: viungo hulegea kwa muda, na nguvu za misuli hazipungui.

Madukani utaonyeshwa kwanza rola ya sponji, ile ya kulalia sakafuni. Mimi kwa mzee nauliza jambo moja kabla ya bei: akishalala chini, atainukaje? Kwa hiyo nimepanga hivi.

1. Fimbo ya kuchulia. Ina mshikio kila upande na pete zinazozunguka katikati. Mama yangu huitumia akiwa amekaa kitini barazani. Anaisukuma juu ya paja na kigimbi kwa mikono yake mwenyewe, pakiuma anapunguza. Kabla ya kulipa, zungusha pete moja moja. Zinazokwama, au zilizoachana sana, hufinya ngozi, na ngozi ya mzee ni nyepesi. Mwenye baridi yabisi ya vidole mtafutie yenye mshikio mnene.

2. Mpira wa tenisi. Huu ndio wa bei ndogo kuliko vyote. Auweke chini ya unyayo akiwa amekaa (asiukanyage akiwa amesimama), au aubane kati ya ukuta na mgongo wa juu. Kwa paja hausaidii sana.

3. Rola laini ya sponji. Ni ya mzee anayekaa chini na kuinuka bila kushikwa mkono. Chukua ya kipenyo cha sentimita 15, isiyo na nundu. Ya urefu wa sentimita 90 haiyumbi, ila kwa miguu, ya sentimita 45 inatosha, na ni rahisi kuipakia kwenye basi ukiagiza Dar. Ibonyeze kwa kidole gumba: ikibaki na shimo, iache.

Zenye nundu kali na zile za kutetemeka kwa umeme waachieni vijana. Kipande cha bomba la maji msimpe mzee kabisa. Hakibonyei, kinagonga mfupa.

Atembee kwanza dakika tano, achue kila msuli sekunde 30 hadi 60, kisha aanze mazoezi papo hapo, maana ulegevu ule haudumu. Asipitishe kifaa juu ya goti, kiunoni, shingoni wala kwenye mishipa iliyovimba. Mwenye mifupa dhaifu, anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, aonane na daktari kabla hamjanunua chochote.

Na mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma, msiuchue. Huenda ni damu iliyoganda, nayo ikichomoka hukimbilia mapafuni. Mpelekeni hospitali ya Maweni siku hiyo hiyo.