FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo: nilivyomtafutia mkwe babu yake aliyemfuata Mfalme

Nimekuwa karani wa mahakama ya kadhi hapa Malindi miaka 23, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa mirathi. Fulani kafa, kaacha nani, na huyu anayejiita mtoto wa ndugu yake ana nini mkononi? Sasa nimestaafu, lakini jicho halijastaafu. Ndiyo maana mkwe wangu, mama wa mume wa binti yangu, alipotua Desemba na faili la plastiki kifuani, nilimwambia alipeleke mezani kabla hata hajaonja mahamri.

Mkwe ni mtu wa Saint John, New Brunswick, Kanada. Anataka cheti cha chama kinachoitwa United Empire Loyalists' Association of Canada. Nilimuuliza hao ni kina nani, akanisimulia tangu magharibi hadi isha. Makoloni ya Marekani yalipomwasi Mfalme George kuanzia 1775, si wote walioasi. Wapo waliosimama na Mfalme, na Mfalme aliposhindwa wakapokonywa mashamba na nyumba, wakapandishwa merikebu. Za mwanzo zilishusha watu pale Saint John tarehe 18 Mei 1783. Wakawa wengi mpaka mwaka uliofuata New Brunswick ikamegwa kutoka Nova Scotia, ikawa koloni peke yake. Mwaka 1789 gavana wao, Lord Dorchester, akaamuru watiifu hao na vizazi vyao waandikwe na wapewe alama ya heshima, herufi U.E. Sisi tungesema ni kama kuitwa Sayyid, ila wao huziweka nyuma ya jina.

Kukipata cheti lazima uonyeshe kwamba babu yako alikuwa akiishi kwenye makoloni yale kufikia tarehe 19 Aprili 1775 na kwamba aliingia upande wa Mfalme kabla ya mkataba wa 1783. Kisha kila kizazi kiungwe na kinachofuata kwa karatasi, kutoka kwake hadi kwako. Unaweza kupitia kwa baba au kwa mama, hawabagui. Hilo nililipenda. Mkwe alikuwa na vizazi vyote isipokuwa kimoja, katikati ya miaka ya 1820, na huyo babu mwenyewe alikuwa naye kwa jina tu.

Basi, FamilySearch. Ni bure kabisa, unafungua akaunti kwa barua pepe na hawakuulizi kadi ya benki. Ni ya kanisa la Wamormoni, makao yao Salt Lake City, ambao kwa miaka mingi walizunguka dunia wakipiga picha za vitabu vya ubatizo, ndoa na ardhi. Na hapa niseme wazi, maana wengi hujiunga bila kujua: dini yao inawataka watafute wafu wa koo zao ili wabatizwe kwa niaba. Mti wa ukoo uliomo humo ni mmoja wa watu wote, na kwa waliokwisha kufa yeyote anaweza kuongeza au kubadilisha. Mimi hutumia sehemu ya nyaraka tu. Bibi yangu aliyelala makaburini sikumwandika, wala sitamwandika.

Kilichonishangaza ni kutafuta ndani ya maandishi ya mkono. Mashine imesoma kurasa ambazo hazijawahi kuwekewa faharasa, hati za ardhi na wasia, nawe unaandika maneno unayoyataka. Jina la ukoo wa mkwe ni la Kiholanzi, linaanza na V. Tulitafuta siku mbili, kapa. Usiku wa tatu, yeye kalala, pangaboi linalia, nikafanya nilivyokuwa nikifanya kwenye mirathi: marehemu akikupotea, mtafute mjane. Nikaandika jina la mke na jina la mto waliokaa. Hati ikatoka. Karani wa siku zile aliliandika jina la mume kwa F mstari wa kwanza, na kwa W pale chini. Herufi s ameirefusha mpaka inafanana na f, kwa hiyo kusoma sentensi moja kulinigharimu kikombe kizima cha chai. Lakini yumo: aliwahi kuwa askari wa Mfalme huko New York, ana mke na watoto wanne, anaomba kipande cha ardhi. Nikamwamsha mkwe. Alilia, nami nikaenda kuchemsha chai nyingine.

Kile kizazi kilichokosekana hatukukipata humo. New Brunswick ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali kwa jimbo zima mwishoni mwa miaka ya 1880, kwa hiyo ndoa ya miaka ya 1820 usiitafute huko. Hifadhi ya Nyaraka ya jimbo lao ina tovuti, nayo bure, yenye habari za ndoa na vifo ambazo Daniel F. Johnson alizichambua kutoka magazeti ya zamani. Pale tukakuta mistari miwili: fulani kamwoa fulani, binti wa fulani.

Tovuti ya kulipia, ambayo siitaji, ilimkata mkwe pesa baada ya siku za majaribio kwisha. Ikampa na babu wa bure: watu wawili wa jina moja wameunganishwa wakawa mmoja, akapata mtoto wa kiume miaka 6 baada ya kuzikwa. Watu 40 walikuwa wamenakili kosa hilo kwenye miti yao. Mahakamani tungewaita mashahidi 40 waliosikia kwa mtu mmoja.

Katika kupekua nikakutana na daftari la 1783, liitwalo Book of Negroes. Hawa nao walikuwa upande wa Mfalme, wengi wao watumwa waliotoroka kwa mabwana zao kwa sababu Waingereza waliwaahidi uhuru. Watu kama 3,000 waliandikwa wakitoka New York. Safu kwa safu: merikebu, inakokwenda, jina, umri, umbo lake, na alikuwa wa nani. Mmoja ameelezwa kwa maneno mawili tu, kwamba ni mtu wa miraba minne, kisha jina la bwana wake kwa urefu. Ardhi waliyoahidiwa Nova Scotia wengi hawakuiona, na mwaka 1792 karibu watu 1,200 wakavuka tena bahari hadi Sierra Leone, Freetown. Nilisoma Freetown nikaikumbuka Frere Town yetu ya Mombasa, makao ya watumwa walioachwa huru, na kengele yake. Majina yamekaribiana, watu wa aina moja.

Nikajijaribu mwenyewe. Kwa baba, sisi tunajisema ni Wabulushi, askari wa Sultani wa Unguja. Babu yetu alikuwa jemadari, na kila jamaa anajua hadithi ya upanga wake. Kwa mama ni watu wa mashamba ya hapa hapa Malindi, na bibi ukimuuliza zaidi alikuwa akijibu, "Sisi ni wa hapa," kisha anageukia mchele wake. FamilySearch haikunipa lolote kwa pande zote mbili. Babu wa mkwe aliandikwa kwa kuwa alidai ardhi. Pwani yetu madai ya ardhi yaliandikwa baada ya sheria ya hatimiliki ya 1908, kwa hiyo jemadari huenda amekaa kwenye jalada mahali, nami nitamfuata Nairobi, Nyaraka za Taifa. Utumwa ulipofutwa kisheria hapa mwaka 1907, aliyelipwa fidia ni bwana. Kama jina la mama yake bibi lipo, litakuwa kwenye dai la mtu mwingine.

Nyota 4. Ya tano nimeizuia kwa sababu picha nyingine zina alama ya kamera yenye ufunguo, hazifunguki ukiwa nyumbani. Na ukipata ukurasa, pakua picha hapo hapo na unakili namba yake. Usiamini kwamba utaikumbuka njia.

Mkwe alipeleka faili Februari. Juzi mkaguzi wa nasaba wa tawi lake amemjibu: athibitishe kwamba yule bibi harusi wa gazetini ndiye mama mwenye nyumba wa sensa ya 1851, maana jina hilo lilikuwa la kawaida pale. Mkwe amekasirika, kanipigia simu usiku wa manane kwetu. Nimeisoma barua mara mbili. Faili lile ningelirudisha mimi pia.