Klasi ya poka ya kadi saba Kilimani: nawapa nne kwa tano

Wadau, kama unajiuliza hizi klasi za Jumamosi za stadi, yaani hiyo poka ya kadi saba, pale Kilimani zina maana ama ni kula pesa za watu, mimi nasema enda. Sababu yangu ni moja tu, wanakufunza kutupa kadi mapema. Sisi tumelelewa na ile kadi yetu ya "niko kadi", huko hakuna kutoka, ukipigwa na mbili ama tatu unaokota na unaendelea, sasa mtu kama huyo ukimweka kwa stadi atalipa kila raundi juu anaona aibu kuondoka.

Stadi haina kadi za katikati za kila mtu. Unapewa mbili chini na moja wazi, halafu tatu wazi, ya mwisho chini, na kuna dau raundi tano. Yaani mambo mengi unayohitaji kujua yako hapo mezani, shida hakuna mtu anaangalia. Dada mmoja kando yangu alikuwa na nane mbili, mwenye kingi wazi akaongeza dau, huyu akalipa chap chap. Na nane ingine imelala wazi mbele ya mzee wa kofia tangu mwanzo, manake imebaki moja tu! Mwalimu amenyamaza. Akalipa mbili, akalipa mbili tena, kufika kadi ya tano dau huwa linadabo, nne, nne, nne. Kingi zilikuwa mbili kweli. Ndio mwalimu akamhesabia chipsi 16 (vile vidude vya kuwekea dau) moja moja, bila kuhesabu ante, ile dau ndogo ya kuingia mchezo, akamuuliza, "Dada, hizi zote ulikuwa unanunua nini?" Tulicheka sana, lakini kutoka hapo kila mtu shingo ndefu anachungulia kadi za wenzake.

Pia walituharibia ile raha ya maua matatu ya kuanzia. Flashi, yaani kadi tano za aina moja kama maua yote, inatoka kama mara 18 kwa 100, kadi ya nne isipokuwa ua inashuka karibu 10, na hiyo ni kama hujaona maua mengine mezani. Ukiyaona kwa wenzako mawili matatu, tupa.

Kasoro sasa. Wanajaza watu wanane meza moja, na nane mara saba ni 56, deki iko na 52. Kwa mchezo wa kawaida haisumbui juu watu wanatoka, lakini hii ni meza ya wanafunzi, hakuna anayetoka, kadi zikaisha ikabidi ya mwisho ifunguliwe moja katikati tugawane wote. Chai nayo ni ya thamosi, imepoa.

Pesa hamchezi, ni chipsi tu, hiyo nimeipenda. Lipa na M-Pesa mapema, na usikubali kile kiti cha kona, taa ni hafifu huwezi jua ya mwenzako ni kopa ama uru.